Machale Hayaokotwi

Wavu wangu ulianguka usiku mmoja wa kusi, mwezi wa saba. Nilikuwa nimeutundika kati ya boriti mbili za mikoko, nyuma ya nyumba ninayopanga Kunduchi, na kwenye macho yake nilikuwa nimefunga kandambili zaidi ya 200, vipande vya mbao za mashua iliyovunjwa, khanga zilizopauka, na vizibo vya soda nilivyovitoboa kimoja kimoja kwa msumari. Miezi minane ya kazi. Manyunyu yalilowesha khanga na kamba, upepo ukaujaza wavu kama tanga, boriti moja ikang'oka na vyote vikalala mchangani.

Kabla ya saa nne asubuhi tulikuwa wanne uwanjani. Fundi wa mashua, jirani yangu, alisikia kishindo usiku akaja kuona kama kuna aliyeumia. Mwalimu aliyenifundisha sanaa, ambaye sasa amestaafu, tulikuwa tumeagana siku hiyo aje aione kazi kabla haijaonyeshwa kwa watu. Na Mama anayeokota chupa hupita kwetu kila Jumanne. Nilibandika chai ya tangawizi, nikatandika mkeka chini ya mkungu, na mabishano yakaanza kabla chai haijachemka. Hapa kwetu tunaitana kwa kazi, nami nitawaacha hivyo hivyo.

MWALIMU: Mchoro wake uko wapi?

MIMI: Sina mchoro, Mwalimu.

MWALIMU: Hata wa penseli, nyuma ya bahasha?

MIMI: Nilianza na kandambili moja ya buluu, imegandiwa na chaza wadogo upande mmoja. Nikaiegemeza ukutani, nikaiacha. Baada ya wiki nikaona inataka mwenzake, na mwenzake hakuwa wa jozi yake. Ikawa hivyo kila siku: mkono unaniambia weka hapa, toa pale, na mimi nautii. Kazi hii imenijia kwa machale.

MWALIMU: Neno hilo nimelisikia darasani miaka 30, na mara nyingi lilikuwa linaficha kitu. Mtu hakutaka kukaa na tatizo lake. Mimi sidai mchoro kwa sababu ya sheria za shule. Mchoro ni mahali pa kukosea kwa gharama ndogo. Ukikosea kwenye karatasi umepoteza karatasi. Wewe umekosea kwa miezi minane.

MIMI: Na El Anatsui je?

Nilimtaja huyo kwa sababu ndiye aliyenitia moyo wa kuanza. Ni Mghana, mzaliwa wa Anyako, 1944, aliyekwenda kufundisha uchongaji katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, mwaka 1975, akadumu huko miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko uliotupwa, umejaa vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali. Akaupeleka kwenye karakana yake akauacha tu, na miezi ikapita. Kisha akaanza kuvibapa vile vizibo, kuvikunja na kuvishona kwa waya wa shaba, hadi vikawa kitu chenye mikunjo kama kitambaa na mng'ao wa bati. Mwaka 2007 aliufunika kwa kazi hiyo uso wa jumba la Fortuny, Venice. Mwaka 2015 maonyesho makubwa ya mji huo huo yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Mwaka 2023 aliujaza ule ukumbi mkubwa wa mitambo wa Tate Modern, London. Na jambo linalonigusa kuliko yote: kazi zake hukunjwa zikasafirishwa, na wanaozipokea huachiwa uhuru wa kuamua mikunjo ilale vipi ukutani.

MIMI: Yule hakuanza na mchoro. Alianza na mfuko aliouokota.

MWALIMU: Umesoma nusu ya habari zake. Kabla ya mfuko ule alikuwa ameshachonga mbao kwa msumeno wa mnyororo. Alikuwa ameshafinyanga vyungu vyenye sura ya kuvunjika, akaunganisha vigae. Alikuwa na zaidi ya miaka 50. Mfuko ule huenda ulipitwa na watu wengi na hakuna aliyegeuza shingo. Tena zile shuka zake za vizibo hashoni peke yake. Ana wasaidizi wengi. Vipande hutandazwa sakafuni, vinapigwa picha, vinahamishwa, vinapigwa picha tena. Picha hizo ndizo mchoro wake. Huyo ameweka mchoro katikati ya kazi badala ya mwanzo, basi.

Fundi alikuwa amechutama kando ya boriti iliyong'oka, anapima kwa kidole kina cha shimo lake. Kilikuwa kifupi kuliko mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Alitikisa kichwa, akaja kukaa.

FUNDI: Mwalimu, samahani nikukatize. Mimi nimeunda mashua tangu ujana wangu na sijachora hata moja.

MIMI: Mnaona!

FUNDI: Ngoja, mwanangu, usinihesabu upande wako bado. Umewahi kuona taruma linavyopatikana? Taruma halipindwi kwa nguvu. Ukilipinda, siku ya mawimbi litakumbuka unyoofu wake, liachie misumari. Linatafutwa likiwa limepinda lenyewe. Naingia kwenye mikorosho, kwenye miembe, naangalia tawi lililokua kwa kukwepa kivuli cha mwenzake. Mtu mwingine hapo anaona kuni. Mimi naona taruma la nne upande wa kulia, karibu na omo.

MIMI: Si ndiyo kuokota huko, Mzee?

FUNDI: Ni kuokota. Ila mkuku nimeshaulaza. Urefu wake naujua, na mkuku ndio unaosema mengine yote. Nikiingia shambani, mashua naingia nayo kichwani. Mimi natafuta kitu kwa ajili ya mahali. Wewe unapata kitu, halafu unakitafutia mahali.

Sentensi hiyo imekaa kichwani mwangu tangu siku ile, na bado sijakubali kwamba inamaliza mambo. Niliijibu pale pale, na jibu langu nalishikilia hata leo.

MIMI: Mashua inaijua kazi yake, Mzee. Ibebe watu na samaki, isizame. Kitu ninachokitengeneza mimi hakijijui mpaka kitokee. Ningekijua mapema, nisingekuwa na haja ya kukitengeneza.

MWALIMU: Hapo ana hoja, Fundi. Chukua Wamakonde. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alikuwa na mchongo wa mtu, kama ilivyozoeleka wakati huo, mkono wa ule mchongo ukavunjika. Badala ya kuutupa akaufuata ule mvunjiko: kiungo kikipungua hapa, kingine kirefuke pale. Akaupeleka kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago Dar es Salaam, naye Peera akautaka, akataka na mingine. Ndipo ulipoanza mtindo wa shetani ambao leo unajulikana duniani. Hakuna aliyeuchora. Ulitoka kwenye kosa.

FUNDI: Huyo Samaki mkono ulipovunjika alikuwa mwanafunzi?

MWALIMU: Hapana, alikuwa mchongaji tayari.

FUNDI: Basi tunasema jambo moja. Mpingo ukimvunjikia asiyeujua, anabaki na mpingo uliovunjika.

Hapo alinyoosha mkono wake wa kushoto juu ya mkeka ili tuuone. Kutoka kwenye kifundo cha dole gumba kuelekea kwenye mshipa wa mkono kulikuwa na kovu jeupe, limenyooka kama uzi, na pembeni yake mengine mafupi mafupi matatu.

FUNDI: Tezo hili. Na hili tezo. Hili la msumeno. Nyinyi vijana mnasema machale, machale. Yanatoka wapi machale? Mtu anachanjwa. Anakatwa chale, anapakwa dawa kwenye damu, ndipo hatari ikikaribia mwili wake unamcheza. Hayaokotwi ufukweni hayo. Yangu haya hapa.

Mwalimu alicheka kwa furaha, akakishika kile kiganja kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi nilinyamaza. Nimelitumia neno hilo tangu utoto, machale yamenicheza, machale yananiambia, na sikuwahi kusikia chale ndani yake. Lugha yetu imeiweka hisia kwenye ngozi, tena kwenye ngozi iliyokatwa. Haisemi kwamba hisia inashuka kutoka hewani, na haisemi kwamba inazaliwa na mtu. Kila nikisoma maelezo ya wasanii wanaosema walijiachia tu, kazi ikaja yenyewe, natamani niulize walichanjwa wapi na kwa muda gani.

Lakini sikutaka kumwachia Mzee ushindi mapema, kwa hiyo nikawaeleza habari za kushoto na kulia.

MIMI: Mwezi wa tatu wa kazi niliona nimekuwa nikizipanga kandambili mafungu mawili bila kukusudia. Fungu hili kushoto, fungu lile kulia. Sikuamua, mikono iliamua. Nikashangaa kwamba fungu la kushoto lilikuwa kubwa zaidi. Baadaye sana ndipo nilisoma habari za Curtis Ebbesmeyer, mtaalamu wa bahari wa Marekani, aliyefuatilia maelfu ya viatu vilivyoanguka baharini kutoka melini mwaka 1990. Kumbe kiatu cha kushoto na cha kulia vimejipinda kinyume, kwa hiyo upepo unavisukuma tofauti, na pwani moja inaweza kupokea vya kushoto zaidi huku nyingine ikipokea vya kulia. Mikono yangu ilikuwa imeiona bahari kabla sijaisoma. Mchoro gani ungenipa hilo?

MWALIMU: Hakuna. Hilo nakupa bila masharti.

MAMA: Kwamba jozi haipatikani ufukweni mimi nalijua siku nyingi. Hukuniuliza.

Mpaka hapo Mama alikuwa hajasema neno. Alikuwa ameketi pembeni mwa mkeka karibu na lundo lililoanguka, kiroba chake kilichojaa chupa nusu kikiwa kimeegemea goti. Anaondoka nyumbani alfajiri, anatembea ufuko mzima bahari ikiwa imekupwa, na jua likichomoza ameshamaliza. Mimi hutoka saa moja na nusu.

MAMA: Mnasema kuokota, kuokota, kana kwamba vitu vinasubiri. Mimi napita wa kwanza. Chupa nachukua, mnunuzi anapima kwa kilo. Kopo la soda nachukua. Chuma nachukua. Kandambili hainunuliwi, naiacha. Unachosema umekiokota, mwanangu, ni kile nilichokiacha mimi.

Naomba msomaji ukae na maneno hayo kidogo. Nilikuwa nimejiona mtu wa kwanza kuiona thamani ya kitu kilichotupwa. Kumbe kila nilichokikuta kilikuwa kimeshachambuliwa na jicho kali kuliko langu, jicho linalojua uzito wa chupa kabla ya kuinama. Kazi yangu yote ilikuwa imesimama juu ya uamuzi wa mtu mwingine, naye alikuwa akipita mlangoni kwangu kila Jumanne.

Mwalimu alitaja mfano wa Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayetengeneza miwani ya ajabu kwa vyuma chakavu, waya na vifaa vibovu. Huyo alikulia Korogocho, nyumba yao ikilitazama jalala. Vitu vile hakuvikuta kama mgeni. Viliingia machoni mwake kila asubuhi tangu utoto. Kisha akamtaja Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kupaka rangi za mafuta za baiskeli juu ya mbao laini za dari hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akauawa kwa risasi mwaka 1972. Alitumia kilichokuwapo na kilichonunulika kwa pesa yake. Leo mafundi wanauza picha za mtindo huo kwa wageni, na hakuna tena anayeuona ubao wa dari.

MAMA: Hii umeitoa wapi?

Alikuwa ameshika kandambili moja ya kahawia, saizi ya mtu mzima. Nilisema sikumbuki, labda upande wa soko la samaki. Aliigeuza. Ukanda wake ulikuwa umewahi kung'oka pale katikati ya vidole, na mtu akaurudisha: chini ya soli alikata kipande cha kizibo cha plastiki, akakitoboa, akaupitisha ukanda, halafu akaufunga kwa msumari wa inchi moja uliokunjwa mara mbili ili usimchome. Kutu ya msumari ilikuwa imeacha duara la rangi ya chungwa kwenye mpira. Niliifunga hiyo kandambili kwenye wavu kwa mikono yangu mwenyewe na sikuuona ule msumari.

MAMA: Aliyeipiga msumari hii alikuwa na safari siku hiyo. Hakuwa na ya pili nyumbani. Na angalieni kisigino, kimeliwa nje tu. Anatembea hivi.

Akasimama, akatembea. Hatua sita au saba hivi, bega moja limeshuka, mguu wa kulia ukikanyaga kwa upande kama mtu aliyezoea kubeba ndoo au tenga upande mmoja. Hatukuzungumza. Kwa muda ule mfupi kulikuwa na mtu wa tano uwanjani.

Kwenye kibaraza, mahali alipokuwa anapaona, kulikuwa na makopo manne ya rangi nyeusi ya kupulizia. Nilikuwa nimeyanunua wiki iliyotangulia. Niliamua kuipaka kazi nzima rangi moja, nyeusi ya mkaa, ili jicho lione umbo badala ya kuona kandambili. Uamuzi huo nao ulikuja kwa machale. Niliamka nao.

MAMA: Utaipaka na hii?

MWALIMU: Mimi namuunga mkono hapo. Rangi moja itaviunganisha vitu vilivyotoka kila mahali. Sasa hivi jicho linarukaruka: nyekundu, buluu, khanga, kizibo. Kazi inataka utulivu.

FUNDI: Mashua ikipakwa sifa inakuwa rangi moja, na bado fundi anaziona mbao.

MWALIMU: Sifa ni mafuta, Fundi, yanaingia ndani. Rangi ya kopo inafunika.

FUNDI: Ndiyo ninayosema. Kitu hakikuombwa kifunikwe.

MAMA: Mkitaka rangi moja nunueni mpira mpya dukani mkate. Mbona mnakuja kuchukua vya watu?

Nadhani hilo ndilo lilikuwa swali la siku nzima. Kama vitu vinaingia kwenye kazi kama umbo na rangi tu, basi kuviokota ni njia ya kupata malighafi bila kulipa. Kama vinaingia na yale yaliyovipata, basi msanii amechukua dhamana. Mwalimu hakukubali kwa urahisi. Alisema sanaa siku zote hufunika, na kwamba mchoraji hadaiwi habari za mfinyanzi aliyechimba udongo wake. Nilimjibu kwamba udongo haukuvaliwa na mtu.

Fundi akatukumbusha chombo cha Lamu. Kinaitwa Flipflopi, kina urefu wa mita 9, kimeundwa kwa tani 10 hivi za plastiki iliyokusanywa, na kimevikwa kandambili zipatazo 30,000. Mafundi waliongozwa na Ali Skanda, mjuzi wa majahazi wa huko. Kiliingia majini 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri karibu kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar.

FUNDI: Watu wanapiga picha zile kandambili. Kandambili pale ni nguo. Mwili wake una mkuku na mataruma, na waliyeyusha plastiki wakaifanya mbao kwanza, ndipo wakaichonga kama mbao. Walikuwa na machale ya babu zao mikononi. Wangeanza na kandambili, wangezama mbele ya ngome ya Lamu.

Jioni, jua lilipopoa, Mwalimu akasema twende magofuni. Siyo mbali. Pale Kunduchi kuna msikiti wa zamani na makaburi ya karne ya 18, ya matumbawe na chokaa, mengine yana nguzo ndefu kuliko mtu. Kwenye nguzo hizo na kwenye kuta za makaburi wajenzi walipachika sahani na mabakuli ya kauri yaliyovuka bahari kutoka China. Mengi yameshabanduliwa. Kilichobaki ni viduara vilivyo tupu kwenye chokaa, kila kimoja saizi ya bakuli la uji, na ukipitisha kidole ndani unaikuta alama ya kitako cha bakuli, laini kuliko ukuta unaokizunguka.

MIMI: Mwalimu, mtu wa kwanza kuchukua chombo cha kulia chakula akakitia kwenye kaburi, nani alimchorea?

Alikaa kimya hata nikadhani hakunisikia.

MWALIMU: Hakuchorewa. Alikiona mkononi akakiona ukutani. Lakini chokaa aliijua. Alijua inashika baada ya muda gani, na bakuli linasukumwa lini, kabla haijakauka na baada ya kuacha kuwa uji. Sahani nyingine zilizobaki zimekaa miaka zaidi ya 200. Wavu wako umekaa usiku mmoja.

MAMA: Na waliobandua?

MWALIMU: Waliziona sahani.

MAMA: Hawakuliona kaburi.

Tulirudi kwa njia ya ufukweni. Mama aliokota chupa mbili, mimi sikuokota kitu.

Sasa niseme nilikofika, kwa kuwa mjadala si wa kuachwa hewani. Siamini kwamba kazi ya vitu vya kuokotwa inahitaji ramani kamili kabla ya kuanza. Ile kandambili ya buluu ningeichora mapema ingekuwa pambo. Mwalimu haafiki mpaka leo na tutaendelea kubishana. Ila nimeacha kusema kwamba kazi imekuja yenyewe. Machale yaliyonifanya nitenganishe kushoto na kulia yalitokana na miezi ya kuinama ufukweni. Nilikuwa nimechanjwa kidogo, yakafanya kazi. Machale ya rangi nyeusi yalitokana na picha nilizoziona kwenye vitabu, za kazi za watu wengine, na mkono wangu ulikuwa haujachanjwa na chochote katika hilo. Yote mawili yalinijia kwa sauti moja na uhakika ule ule. Kwa hiyo sauti peke yake haitoshi. Lazima mtu aiulize imetoka wapi.

Makopo yale manne niliyarudisha dukani nikabadilisha na kamba na waya. Fundi ametafuta gogo moja refu la mkorosho, limepinda kama mgongo, tumelilaza chini kwanza na wavu utaning'inia kutoka kwake. Boriti zimezikwa kina cha mkono mzima na kukazwa kwa mawe. Mwalimu ananilazimisha nitandaze kila sehemu sakafuni na kuipiga picha kabla ya kuifunga, na nimeona faida yake. Mama anakuja kwa malipo ya siku, Jumanne na Alhamisi. Tunakaa na lundo, anageuza soli moja moja, ananiambia anachokiona, nami naandika. Kandambili zilizotengenezwa na wenyewe, kwa msumari, kwa uzi wa nailoni, kwa pini, kwa kipande cha tairi, ni 37. Hizo zimewekwa usawa wa macho, soli zikitazama nje.

Wavu utapanda tena kusi ikishalala, mwezi wa kumi, mahali pale pale Kunduchi. Upande wa kulia bado una macho matupu. Ukiikuta kandambili ya mguu mmoja ufukweni, iwe Kunduchi, Bagamoyo, Tanga au Mombasa, ilete kwenye nafasi yake. Usiioshe, usiung'oe msumari, na uje ukilijua jina la mahali ulipoikuta.